Maji Mara Mbili

Adikini aliniachia vitu vitatu vya kutunza:
mtoto, deni la shilingi elfu arobaini kwa Hajira,
na mshubiri ndani ya kopo la mafuta ya kupikia
lililotobolewa matundu manne kwa msumari.
Deni nililipa. Mtoto anakula.
Mshubiri ndio ulionishinda.

Hapa Tororo vumbi la saruji halibishi hodi.
Linaingia, linajilaza juu ya majani
mpaka kijani kinageuka majivu.
Kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku pale ghalani,
kabla sijavua viatu,
nalipangusa jani moja moja kwa kitambaa chenye maji,
kama ninayemnawisha mgonjwa asiyetaka,
kisha namimina kikombe kimoja.
Kimoja tu. Naapa.

Simu ya Amman huja Ijumaa.
"Mshubiri wangu haujambo?"
Huanza na huo, mimi nafuata.
"Haujambo. Umenenepa."
Na kweli, majani yalikuwa yamevimba, yanang'aa
kama miguu ya mtu mwenye figo mbovu.
Sikujua kuwa ule ni ugonjwa.

Mvua za Aprili zikapita. Mei, jani la chini likalegea
kama ndizi iliyosahaulika mfukoni.
Nikalishika, likabaki mkononi.
Wiki hiyo hiyo akataka picha.
Nikaligeuza kopo, upande mzima ukatazama simu,
Mwamba nyuma yake, umejaa jua.
"Aa, Mwamba wetu," akasema, asiulize zaidi.
Kumbe hata ukweli, ukiukata vizuri, ni uongo.

Hajira alipouona alicheka mpaka akakaa chini.
"Ochwo, mnamzamisha nani humu?"
Akaung'oa. Mizizi ilinuka kama soksi.
Akakata palipooza kwa wembe,
akaulaza kivulini juu ya gunia, uchi, jeraha juu.
"Siku nne usiuguse, kidonda kikauke.
Kisha uupe mchanga, si mfinyanzi huu.
Na maji usiupe mpaka uombe."
"Utaombaje?"
"Subiri," akasema. "Jina lake si unalijua?"

Lakini alisema *mna*.
Neno hilo nililikalia usiku kucha getini.

Kesho yake nilisahau tochi, nikarudi nyumbani jioni.
Owere, miaka mitano kasoro,
amechuchumaa mbele ya kopo tupu,
anamimina maji kwa kifuniko cha soda,
kifuniko, kifuniko, kifuniko,
midomo ikihesabu.
"Kila siku?"
"Ukishaenda kazini. Mama alisema usikauke."

Huyu ndiye aliyeachishwa ziwa kwa shubiri ya kopo lile.
Adikini alijipaka, akageukia ukuta
asione mtoto akikunja uso,
na tangu hapo Owere alilipita kopo kwa mbali
kama mtu anayempita mbwa wa jirani.
Sikumgombeza. Ningeanzia wapi?

Sasa tuna sheria. Kidole ndani ya mchanga
mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na chembe zimeganda,
hakuna maji, hata kama umeota ndoto mbaya.
Kidole ni cha Owere. Changu kinene, hukwaruza mizizi.

Ijumaa nilimwambia Adikini yote, kwa pumzi moja.
Akanyamaza, salio likiliwa.
"Umebaki na majani mangapi?"
"Matano."
"Yanatosha."
Kisha akauliza habari zangu.

Leo asubuhi kijani chembamba kimechomoza katikati,
bado hakijapata vumbi.
Owere amepima mchanga, ametikisa kichwa.
Amegusa jani lililochubuka, amelamba kidole,
ametema, uso wote umejikunja,
amenitazama,
amelamba tena.